Mkubwa Hajajenga

Odongo ndugu yangu,

Kabla hujauliza: niko mzima, nakula vizuri, na bado sijaoa huku. Mwambie Mama hilo la tatu kwanza, maana najua ndilo linalomkosesha usingizi.

Na nyinyi je? Magoti ya Mama yanaendeleaje tangu mvua ianze? Mzee bado anakohoa na kusema si kikohozi, ni vumbi? Na Nekesa anakula nini siku hizi? Mara ya mwisho aliniambia hataki hata kunusa omena, nikacheka peke yangu. Mke aliyeolewa Usenge asiyetaka kunusa omena, basi aache kupumua. Mpe pole zangu. Mtoto akishafika, hamu itarudi.

Utashangaa kuona barua. Nimeshika kalamu kwa sababu kwenye simu wewe hunikatiza. Nikianza tu kusema jambo la maana, unaniuliza huko ni saa ngapi. Safari hii utanyamaza mpaka mwisho. Tena nimeandika Kiswahili ili Nekesa asome mwenyewe, asitegemee tafsiri yako, maana nakujua. Atakayeileta ni dada mmoja wa Ahero ninayefanya naye kazi, anakuja kumwona mamake. Mpokeeni vizuri, mumpe samaki wa kubeba.

Kazi yangu ni ileile, kwenye nyumba ya wazee. Nawaogesha, nawalisha, nawageuza kitandani. Mgongo unauma lakini nimeuzoea. Kilichonishinda ni baridi ya hapa kaskazini mwa Japani, inaingia mpaka kwenye meno. Wana visamaki vidogo vikavu, ndugu zake omena kabisa. Juzi nilivikaanga kwa nyanya na kitunguu, Mnepali ninayeishi naye akafungua madirisha yote huku nje theluji inaanguka. Nikamwambia afunge, harufu hiyo ndiyo iliyonisomesha. Akafunga, akaonja, akala nusu ya sufuria.

Upweke upo, sitakudanganya. Kuna siku narudi chumbani nakuta tangu asubuhi sijasema hata neno moja kwa lugha yangu. Hapo huwa naongea na sufuria.

Sasa sikiliza, omera, ndugu yangu. Nimemwona Ogwal.

Najua umesimama. Keti. Na wewe Nekesa, unayejiuliza Ogwal ni nani, ngoja nikueleze mimi, maana mume wako hawezi kusimulia habari hii bila kujipamba.

Tulipokuwa wadogo, jirani yetu Baba Willy alikuwa na kibanda ufuoni, karibu na nyavu za kuanikia omena. Alikuwa akichaji betri za wavuvi, na kando ya betri alikuwa na televisheni na mashine ya gemu aliyoletewa na shemeji yake kutoka Nairobi. Sisi tulimchotea maji na kumfagilia, naye akatuachia tucheze. Gemu zilikuwa mbili. Moja ilikuwa ya mpira, na hiyo vijana wakubwa hawakuiachia. Ya pili hakuna aliyeitaka, kwa sababu maandishi yake yote yalikuwa ya Kijapani. Hiyo ndiyo ikawa yetu.

Ilikuwa na ndugu wawili wa kisiwani, watoto wa mvuvi. Joka la majini limemeza moto wote wa visiwa, ukungu umefunika maji, na yule ndugu mkubwa amechukua mashua kwenda kuutafuta moto. Hakurudi. Unayemwongoza wewe ni yule mdogo. Anatoka na upanga wa babake, njiani anakutana na msichana mpiga mishale, halafu anakutana na chura mkubwa kama ndama, amevaa kofia ya chuma na hafungi mdomo. Tukamwita Ogwal, yaani chura kwa Kijaluo. Hatukujisumbua kutafuta jina jingine.

Maneno yalipojaa kwenye kioo, Odongo aliyasoma. Ndiyo, Nekesa, mume wako alisoma Kijapani akiwa darasa la nne. Aliangalia picha, akakohoa kama Mzee, akatueleza kwamba mkubwa alifuata samaki wa mbuta mbali sana, akakamatwa na askari wa upande ule mwingine wa ziwa, na wale wenye mavazi ya bluu ndio askari wenyewe. Hakuna aliyebisha. Kwetu Usenge mtu akichelewa kurudi kutoka majini, hilo ndilo jambo la kwanza kuulizwa.

Likizo ya Agosti tukalipiga lile joka. Stima haikupotea siku hiyo, sijui ni kwa maombi ya nani. Baba Willy mwenyewe aliacha betri zake akaja kushangilia. Mdogo akarudi kisiwani na moto ndani ya chungu, mkuu wa kijiji akampa nyundo na mbao, akamwonyesha uwanja wa baba yao. Kioo kikauliza ndiyo au hapana. Maneno hayo mawili tulikuwa tumeshayajua kwa kukosea sana. Tukautazama ule uwanja. Upande wa kulia wa lango, mahali pa mkubwa, palikuwa patupu, hakuna hata nguzo. Ni wewe uliyesema, Odongo, na kibanda kizima kikakubaliana nawe:

"Mkubwa hajajenga."

Baba Willy akatikisa kichwa, akasema huyo mtoto akijenga sasa anajitafutia chira, laana ya kuvunja mwiko. Tukabonyeza hapana. Nyundo ikarudi kwa mkuu wa kijiji, na sisi tukarudi kwenye mashua, tukaingia ukunguni kumtafuta mkubwa ili aje ajenge kwanza. Tulimtafuta likizo hiyo na zilizofuata, kila kisiwa, kila pango. Kila tukirudi tunapewa nyundo, tunakataa, tunaondoka tena. Mwisho CD ikakwaruzika, na mashine ikauzwa Bondo.

Nekesa shemeji, nimeyasema haya nikijua wewe umeshayajua kwa uchungu. Kwenye dala zetu, yaani maboma ya Kijaluo, mdogo hajengi kabla ya mkubwa, na akivunja utaratibu, balaa lolote likimpata yeye au mtoto wake watu watasema ni chira. Na haijalishi mkubwa alimtangulia kwa kiasi gani. Sisi ni pacha. Mama husema nilitoka nikilia kama nimeonewa, na kabla mkunga hajanawa mikono Odongo akafuata, nikanyamaza. Hicho tu ndicho kinachonifanya niwe Opiyo na yeye awe Odongo. Nyumba ya bibi tuliyolala ujanani ilianguka kabla hatujajenga zetu, mimi nikaenda Kisumu chuoni, kutoka Kisumu nikaja huku. Na nyinyi mpaka leo mnapanga chumba nyuma ya kisiagi, unga unawaingia hadi kwenye chai.

Ulivyoniambia ile siku sijasahau. Hukupaza sauti. Ulisema, "Shemeji, huyu mtoto akizaliwa ataitwa wa wapi? Wa kisiagi?" Nikacheka ili nisijibu. Nilipokata simu nilikuwa na aibu.

Basi, huku tuna bibi mmoja, Bibi Sumi. Miaka yake imepita themanini, ni mkali, hataki kusaidiwa kuvaa soksi, na huficha peremende ndani ya kikasha cha miwani akidhani hatujui. Alasiri moja niliingia chumbani kwake na taulo, nikamwona kwenye televisheni yake chura mwenye kofia ya chuma. Taulo zote zikaanguka. Nikaita "Ogwal!" kwa sauti, mpaka Bibi akadhani nimeumwa na kitu.

Kumbe gemu ile aliicheza na wanawe wawili walipokuwa wadogo. Sasa wako miji ya mbali, huja siku za sikukuu, naye ameendelea peke yake. Tangu siku ile, nikimaliza kumwogesha na kama hakuna kengele inayolia, tunacheza pamoja. Mikono yake inatetemeka, kwa hiyo vita napigana mimi, na yeye anasahihisha Kijapani changu ninaposoma kwa sauti. Maana sasa naweza kusoma, Odongo. Na lazima nikuambie, usikasirike: hakuna askari. Wale wa bluu ni mapadri wa namna yao, na maneno yote yale walikuwa wakituombea safari njema. Na sisi tuliwakata kwa upanga.

Tukafika kwenye nyundo. Mkuu wa kijiji yuleyule, uwanja uleule, upande wa kulia mtupu. Kidole changu chenyewe kikaenda kwenye hapana.

"Mbona unakataa?" Bibi akaniuliza.

"Mkubwa hajajenga."

Akasema hajanielewa. Nikachukua karatasi ya kufutia mikono nikamchorea dala: nyumba ya Mama hapa, lango kule, mimi kulia, wewe kushoto, na kwa nini kushoto hakuguswi kulia kukiwa kutupu. Nikamwambia kwamba kijiji kizima cha watoto kilisafiri majini miaka na miaka kwa sababu hiyo. Alicheka mpaka peremende ikamtoka mdomoni. Akacheka, akajifuta macho, halafu akaitazama tena ile karatasi.

"Na mkubwa asiporudi?" akauliza.

"Mdogo anangoja."

"Mpaka lini?"

Hakuuliza kwa dharau. Aliuliza vile ambavyo mtu angeuliza mvua itakatika lini. Alipoona sijibu, akanyoosha kidole chake kinachotetemeka akabonyeza ndiyo.

Ndugu yangu, mdogo alijenga. Kijumba cha mbao, kidogo tu. Akautoa moto kwenye chungu, akawasha taa, akaitundika nje upande wa majini. Kwa muda hakuna kilichotokea, ni ukungu tu, nikadhani mashine imekwama. Halafu ikaja mashua. Mkubwa alikuwa ndani yake, ndevu zimemjaa, amechoka. Hakukamatwa na mtu. Alikuwa akizunguka hapohapo karibu siku zote, amefika nyumbani lakini haoni pa kutia nanga. Mdogo akamuuliza amejuaje njia. Yeye akasema maneno mawili tu, na gemu ikaisha:

"Niliona taa."

Nikachukua taulo nikamwambia Bibi nakwenda kufua. Zilikuwa safi. Alijua, akaniacha niende.

Sasa hili hujui. Jumapili iliyofuata nilimpigia Mzee. Nilikuwa nimeshaamua: nitamwomba akuruhusu ujenge, na mimi mwenyewe nitatamka kwamba nimekuachilia. Nikamsimulia gemu yote, na Ogwal, na Bibi Sumi, na taa. Alisikiliza bila kukohoa. Nilipomaliza akasema, "Mchezo ni wa Wajapani. Dala ni yangu."

Nikambembeleza. Nikamkumbusha kwamba ziko familia ambazo mtoto mkubwa akiwa ng'ambo husimamishiwa kibanda cha nguzo na nyasi, kwa jina tu, na mdogo akaendelea na maisha yake. Akanijibu polepole, kama anavyoongea akiwa amekasirika au akiwa na huzuni, na kwa simu siwezi kutofautisha.

"Kile hufanyiwa aliyepotea. Wewe umepotea?"

Unamjua Mzee, akishakunyamazisha hubadilisha habari. Akaanza kunieleza mambo ya ng'ombe, bei ya mabati, daraja lililobomoka. Katikati ya ng'ombe akasema wamezoea kulala pale kwenye taa ya Odongo. Nikauliza, taa gani? Akashangaa kwamba sijui.

Odongo, kwa nini hukuniambia? Mzee anasema ulinunua taa ya jua Mamboleo ulipoenda kuchukua vipuri vya injini, ukasimamisha mti upande wa kulia wa lango, pale patupu pangu, ukaitundika. Anasema kila jioni ukitoka ufuoni unapitia dala kuiwasha kabla hujaenda kwenye chumba chenu. Unafyeka na nyasi. Ukiulizwa na majirani unasema ni kwa sababu ya wezi. Lakini Mzee alipokuuliza wewe na yeye tu, ulimwambia, "Pale ni kwa Opiyo. Hapawezi kulala giza."

Nililia, omera. Nakuambia wazi, na Nekesa asome. Mnepali alidhani kuna msiba, akaniletea chai. Wewe hujui Kijapani, hukuwahi kujua, ulituongopea miaka yote ile. Na gemu umeimaliza. Umefanya ile sehemu ya mdogo yote isipokuwa nyumba yenyewe, na nyumba ni mimi niliyeizuia. Nilikuwa nikijiona kama ndiye shujaa niliyetoka kwenda kutafuta moto. Kumbe mimi ni yule wa kuzunguka ukunguni.

Unajua kilichonizuia? Si mkataba wa kazi. Niliogopa kuja na kijumba. Kila aliyekwenda ng'ambo pale kwetu watu wanangoja ghorofa, vioo, lango la kusukuma. Nikawa nasema mwaka huu bado, mwakani nitajenga ya maana. Wewe hujawahi kunidai ghorofa, ulinyamaza tu ukawasha taa.

Kila mwisho wa mwaka Wajapani hurudi makwao, na msimamizi wetu huuliza nani atabaki kazini. Mkono wangu huwa wa kwanza kuinuka. Wiki iliyopita aliuliza tena, mkono wangu ukabaki mfukoni. Akanitazama akingoja. Nikamwambia naenda nyumbani kujenga, na ndugu yangu amekwama kwa ajili yangu. Sijui alielewa nini, lakini likizo amenipa, na Bibi Sumi amenipa peremende zake zote na kikasha chenyewe. Amesema nisirudi bila picha.

Nitashuka Kisumu wiki ya Krismasi. Usije na watu wengi, njoo wewe tu. Mzee nimeshamwambia, akasema "haya," na kutoka kwake hiyo ni hotuba. Zungumza na fundi. Nataka vyumba viwili, nguzo za mkaratusi, mabati, kuta za udongo, sakafu tutatia saruji siku nyingine. Atakayeuliza ghorofa iko wapi, mwambie aje aniulize mimi. Na nguzo zako zilaze tayari upande wa kushoto, zikiwa zimekatwa kabisa. Nekesa achague mwenyewe mlango utazame wapi, asipangiwe na shemeji wala mume.

Nimeshaifikiria siku yenyewe. Asubuhi nitachimba shimo langu, nisimamishe nguzo ya kwanza, Mzee akiona kwa macho yake. Nikishapiga udongo nitakupa jembe mkononi, na wewe utavuka uchimbe lako. Sitaki tunywe chai katikati. Nitakutangulia kama nilivyokutangulia siku ile, nawe unifuate kabla mkunga hajanawa mikono. Mtoto akija Februari atapita kwenye lango akute kulia kuna nyumba na kushoto kuna nyumba, na hakuna atakayemwita wa kisiagi.

Nisalimie Mama na magoti yake, mwambie nitamkanda mwenyewe, ndiyo kazi niliyosomea. Msalimie Mzee, na kile kikohozi anachokiita vumbi. Msalimie shangazi anayekaanga samaki Dunga, aniwekee ngege mmoja mzima, kichwa kisiguswe. Baba Willy, nasikia siku hizi anatengeneza simu, mwambie yule mtoto alijenga na hakufa, ila asubiri nije nimweleze mwenyewe nione uso wake. Na wewe Nekesa, umengoja kwa heshima kuliko tulivyostahili. Asante, shemeji.

Odongo, ile taa usiitoe mpaka nifike. Ndege inaweza kuchelewa, na nataka niingie langoni ikiwa inawaka. Hapo utaniuliza nimejuaje njia baada ya miaka yote hii, uniulize kabisa, kwa sauti, kama tulivyokuwa tukicheza. Jibu langu umeshalisoma.

Ni mimi niliyetoka kwanza,

Opiyo